Godoro la Mfalme

*Nyumba ya Waziri, kando ya mto Thames, London*
*Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba*

Kwa dada yangu Thomasine Cobbold, Thornwick, Suffolk.

Dada, nakuamkia kwa heshima zote za mama, maana tangu mama atuache, mama ni wewe. Mimi ni mzima, isipokuwa jino la nyuma upande wa kulia linanitesa mpaka nakula mkate wa kuloweka kama kikongwe. Mguu wako vipi? Wafumaji wako bado wanakuibia uzi, au siku hizi unawaibia wewe? Na binti yako Joan, amekwisha kujifungua? Mwambie mtoto akiwa wa kiume asimwite Gervase. Mmoja anautosha ukoo.

Sasa kaa kitako nikupe habari. Bwana Hethersett amenipandisha cheo. Mdogo wako ndiye mtunza chumba cha Mfalme.

Usicheke. Najua unamkumbuka Lambert Hethersett alivyokuwa, mtoto wa mtengeneza ngozi, anakuja kwetu ananuka ngozi mbichi na kumaliza supu ya mbaazi ya mama kabla sisi hatujakaa. Leo ndiye Waziri Mkuu, muhuri wa ufalme uko mkononi mwake, na watu waliozaliwa kwenye majumba ya mawe wanasimama kizingitini kumsubiri. Na bado ananiita "Gervase wa supu" tukiwa wawili.

Kila nyumba kubwa huweka chumba cha Mfalme, hata kama Mfalme haji. Kwetu kina kiti chini ya pazia la dhahabu, nasi tunavua kofia tukipita mbele ya kiti hicho kitupu, na hatukipi kisogo. Moto wake hauzimwi, mchana na usiku. Kuni anatia mzee Ifan, mtu wa Wales, aliyemtumikia Bwana kabla yangu. Na kitanda nakitandika mimi. Kwanza nachoma majani ya chini kwa jambia, nione kama hakuna kisu kilichofichwa. Kisha godoro la manyoya, kisha shuka, kisha maji ya baraka. Mwisho nabusu kila mahali mkono wangu ulipogusa. Kila siku, dada, kwa mtu aliyelala humo mara moja tu, mwaka juzi! Wewe ungesema ni upuuzi. Mimi nakwambia nikimaliza najisikia nimesali.

Majira ya joto Mfalme alikuja kula mara tatu, akatembea bustanini amemshika Bwana shingoni. Niliwaona kwa macho yangu.

Mshukuru Padri Osbert kwa kukusomea, na umpe jibini kwa kazi hiyo. Siyo ile yenye ukungu.

Mdogo wako,
Gervase Pask


*Thornwick, 20 Oktoba*

Kwa ndugu yangu Gervase.

Nimesomewa barua yako mara mbili, ya pili kwa raha tu. Padri Osbert ndiye anayeandika haya ninayosema, na ameniomba niseme polepole. Nasema kama ninavyosema, akimbie yeye.

Joan amejifungua mtoto wa kike, jina Agnes, jina la mama. Ana kelele kama seremala. Mguu wangu ni uleule, unatabiri mvua kuliko kalenda. Ng'ombe mwekundu amekauka maziwa.

Juu ya cheo chako, sicheki. Naona fahari, na naona hofu kidogo. Huku jina la Bwana Hethersett halitajwi sokoni bila mtu kutema mate. Wafumaji hawajasahau kodi ya vita. Walipoinuka na marungu kule Lavenham, Mfalme alisema hakujua lolote, kodi ilikuwa ya waziri. Nami nilijiuliza, hivi vita vilikuwa vya nani? Lakini mimi ni mwanamke wa vitambaa tu. Padri anasema nifute hilo. Andika, Padri, andika.

Ningependa pia unieleze zaidi kuhusu hicho chumba cha Mfalme: ni nani huingia humo, nani anazo funguo, na kama yupo mwingine aliyewahi kulala humo. Mambo ya namna hiyo hutufurahisha sisi watu wa mashambani.

Padri Osbert naye anakusalimu. Anaomba kupewa kanisa kubwa la Melbury, ambalo mwenye haki ya kuligawa ni Bwana Stourmere. Tumwombee apate, ingawa mimi nitabaki bila msomaji.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Dada yako,
Thomasine


*London, siku moja baada ya Mtakatifu Martini, 12 Novemba*

Dada yangu,

Karibu dunia, Agnes mdogo. Namtumia utepe mwekundu, ni wa hariri, usimpe mbuzi. Na wewe umenishangaza. Nimekuandikia habari ya jino langu na hukuuliza hata kwa neno moja! Limeng'olewa, kama bado unajali. Kinyozi aliyeling'oa alinipigia goti kifuani.

Umeniuliza nani amewahi kulala kile chumba. Sijui malaika gani alikutia swali hilo kinywani. Nimekaa wiki mbili na jambo limenikaba, na hakuna mtu duniani ninayeweza kumwambia isipokuwa wewe. Nimeona hili nalo ni ishara.

Mwisho wa Oktoba homa ya jasho iliingia nyumbani. Unaijua, mtu anakula asubuhi mzima, jioni anashonewa sanda. Mfalme, ambaye hakuna kitu anachokiogopa kama ugonjwa, alikimbilia Windsor siku ileile bila kuaga. Waganga wakamfuata Mfalme. Nusu ya watumishi wakamfuata yeyote aliyekuwa na farasi. Siku ya pili Bwana akaanguka kwenye ngazi.

Chumba chake kilikuwa wazi, dada. Wewe unajua alivyo na ugonjwa wa kujenga. Alikuwa amebomoa bomba la moshi ajenge kubwa zaidi, upepo wa mtoni unaingia moja kwa moja. Na jasho lile likipigwa na baridi mtu amekwisha. Katika nyumba nzima moto uliobaki unawaka ulikuwa mmoja.

Ifan alinitazama nikamtazama. Akaniuliza, "Bwana Pask, kitanda kimetandikwa cha nani leo?" Nikamwambia, "Cha anayekihitaji." Tukambeba. Hakuwa na fahamu. Siku tatu hakunijua, alikuwa ananiita kwa jina la mama. Nilimfunika, nikamkanda, nikamnywesha bia ya moto kwa kijiko, na siku ya nne akafumbua macho akiwa kwenye chumba chake, maana tulikuwa tumekwisha kumrudisha na kuziba tundu kwa mazulia. Hajui alilala wapi. Hatukumwambia.

Shuka nilizichoma. Godoro sikuweza kulichoma, lina taji lililotariziwa, kila mtu angeuliza liko wapi. Nililianika juani siku nane, nikalifukiza kwa ubani, nikalirudisha. Tunaojua ni mimi na Ifan, na sasa wewe na Padri aliye kwenye kiapo cha ungamo. Chukua haya kama ungamo.

Nilifanya vibaya? Niambie ukweli. Nikikibusu kitanda kile sasa, midomo inaniwasha.

Gervase


*Thornwick, 1 Desemba*

Ndugu yangu,

Nimesikia. Nililia, na Padri alinisubiri nimalize. Ulifanya vizuri. Mama angefanya hivyohivyo, wala asingeuliza kitanda ni cha nani.

Tumechinja ng'ombe mwekundu, nakutumia nyama ya chumvi na tufaha zilizokaushwa. Agnes ameota upele. Baridi imeanza mapema.

Hukutaja kama godoro lile bado lipo kitandani hadi leo, na kama Mfalme anatazamiwa kuja kulala siku za karibuni. Tafadhali nijulishe.

Padri Osbert amealikwa kula Krismasi nyumbani kwa Bwana Stourmere. Ameniomba nimfulie kanzu.

Dada yako,
Thomasine


*London, sikukuu ya Mamajusi, 6 Januari*

Dada,

Nyama ilifika, tufaha zimeliwa na panya wa Kiingereza na watumishi wa Kifaransa. Nashukuru. Upele wa mtoto umpake mafuta ya bata.

Sitazunguka. Tumekwisha.

Mfalme alikuja kuwinda tarehe kumi na tatu Desemba, akalala kwetu. Alilala kwenye godoro lile. Nilisimama nje ya mlango mpaka asubuhi, nikihesabu kila akikohoa. Akaamka mzima, akala mayai sita, akaondoka anapiga mluzi. Nikamshukuru Mungu, nikasema basi, limepita.

Siku ya Mwaka Mpya, kama kawaida, kila mtu mkubwa alimpelekea Mfalme zawadi. Mfalme husimama ameegemea kabati, zawadi inatajwa, anatabasamu, karani anaandika, inapelekwa mezani. Ya kwetu ilikuwa kikombe cha dhahabu chenye mfuniko wa lulu, nilikibeba mimi mwenyewe. Nyuma yangu Bwana. Ukumbi mzima ukageuka kutazama, maana kila mwaka ya kwetu ndiyo inayongojwa.

Mfalme hakukitazama kikombe. Alimtazama Bwana, akamwuliza kwa upole kabisa, "Hethersett, kitanda changu kule kwako kina joto?"

Bwana akacheka, maskini. "Kinakungoja, Mfalme wangu."

"Kinaningoja mimi," akasema, "au nilikuta kimekwisha pashwa moto?"

Kisha akageuka kwa aliyefuata. Sikuambiwa niweke kikombe. Nilibaki nimekishika mbele ya mabwana wote wa Uingereza mpaka mtu akanivuta shati. Tulirudi nacho nyumbani. Njia nzima Bwana alikuwa akiniuliza, "Ana maana gani, Gervase? Kitanda gani?" Nami nikasema sijui. Nilimwambia sijui, dada.

Hapa mjini kila mtu ana sababu yake. Wengine wanasema ni ile kodi, wengine wanasema ni Wafaransa, wengine eti nyumba yetu ina madirisha mengi kuliko ya Mfalme. Bwana Stourmere, anayemchukia Bwana tangu siku ya kwanza kwa kosa la kuzaliwa na mtengeneza ngozi, anatembea akitabasamu. Lakini mimi najua, na huku London tuliojua tulikuwa wawili. Nilimwendea Ifan nikamshika ukosi mbele ya watumishi. Nilimwita msaliti, nikamwambia aondoke siku hiyohiyo. Theluji ilikuwa magotini. Hakupandisha sauti. Alisema, "Moto niliuwasha mimi, Bwana Pask. Maneno sikuyawasha." Akachukua fimbo yake akaenda.

Ana miaka sabini na kitu. Nimeandika hili ili unilaumu, lakini usinilaumu sana.

Gervase


*Thornwick, 10 Februari*

Ndugu yangu Gervase,

Sote ni wazima. Mtoto amepona upele. Theluji imeangukia paa la banda. Bei ya sufu ni nzuri. Padri Osbert amepata kanisa la Melbury na atahama wiki ijayo.

Usiniandikie mambo makubwa. Niandikie habari za hali ya hewa.

Dada yako,
Thomasine


*London, 8 Machi*

Dada,

Barua yako niliisoma mara nne nikitafuta ulipo. Sikukuona. Kama umenikasirikia kwa ajili ya Ifan una haki, lakini sema kwa mdomo wako mkali niliouzoea. Usinipe habari za paa.

Hii sikuipa tarishi. Nimempa Hadley wa mikokoteni ya sufu, akukabidhi mkononi. Kwaresima hii haina samaki wa maana huku, tunakula chewa mgumu kama kiatu. Hayo ndiyo maamkizi yangu, sina mengine.

Wiki ya kwanza ya Kwaresima watu wa Mfalme walikuja kuchukua muhuri. Bwana alipewa saa moja. Alitoka na joho la kusafiria na nyumbu, amepelekwa kwenye nyumba yake ya kaskazini, chini ya ulinzi. Aliponipita aliniambia, "Zima ule moto sasa, Gervase wa supu, kuni zinapotea bure." Ndipo nilipolia.

Ifan amekufa. Alipatikana kwenye ngazi za hospitali ya watawa siku ya Mishumaa, mwanzoni mwa Februari. Walimfunika, lakini alikuwa amechelewa kufunikwa. Mtawa mmoja anasema alishikilia mpaka mwisho kwamba hakusema lolote. Kama si yeye, ni nani? Sijui. Nimechoka kulifikiria.

Sasa sikiliza, maana ndicho ninachokuulizia. Bwana Stourmere na wenzake wawili wameniita mara tatu. Wanajua yote, mpaka zile siku nane za kuanika, mpaka ubani. Hawanitukani, wananipa mvinyo. Wana karatasi imekwisha andikwa, inataka jina langu tu. Inasema Bwana Hethersett, akiwa na akili zake timamu na akijua Mfalme atalala humo, aliamuru alazwe kwenye kitanda cha Mfalme na godoro lirudishwe na uchafu wake, ili ugonjwa umshike Mfalme. Huo ni uhaini, dada, na wewe unajua wanavyowaua wahaini. Nikitia sahihi, ninarudi Thornwick na barua ya msamaha. Nikisema kweli, kwamba mimi ndiye niliyemlaza na mimi ndiye niliyerudisha godoro nikanyamaza, basi mhaini ni mimi.

Wamenipa mpaka Jumapili ya Matawi. Siku zote umeniambia la kufanya hata nisipouliza. Leo nauliza. Nijibu haraka, kwa yeyote, kwa njia yoyote.

Mdogo wako


*Thornwick, Jumatatu kabla ya Matawi*

Gervase,

Hii naandika mimi. Mkono wangu mwenyewe. Usicheke herufi.

Sista Emmot wa nyumba ya masista amenifundisha tangu Mishumaa. Ni kipofu sasa. Ananichorea herufi kwenye unga wa ngano na mimi nazirudia mpaka aseme ndiyo. Ilikuwa siri.

Sasa nikwambie. Si Ifan. Ni Osbert.

Karani wa Bwana Stourmere alikuja dukani kununua kitambaa cha bluu, wiki ya Mishumaa. Akaniambia anacheka, ndugu yako bado anaanika godoro? Niliangusha mkasi. Siku ileile nikasikia Osbert amepewa Melbury. Nikaelewa yote nimesimama palepale.

Gervase, nimejisomea mwanzo wa barua yako ya Novemba, na mimi sikukuuliza kamwe juu ya chumba. Niliuliza jino lako. Nilisema, muulize jino lake limekuwaje. Mara mbili nilisema. Yeye akaandika ya kwake, na mimi nikaweka alama yangu ya vitambaa chini.

Kwa nini sikukwambia Februari? Mkono pekee wa kuandika ulikuwa wake. Nilimwambia andika hali ya hewa, nikamtazama usoni akiandika. Sikuweza zaidi ya hapo. Na baadaye niliona aibu. Wewe ulimfukuza mzee kwenye theluji kwa ajili ya msaliti niliyekuwa namlipa jibini.

Barua yako Hadley aliileta tarehe kumi na mbili. Jirani alisema nipe nikusomee. Karani wa soko alisema hivyohivyo. Nikakataa. Niliapa kwamba hakuna mdomo wa mtu utakaokaa tena kati yangu na wewe. Nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, kama ninavyotoa miiba kwenye sufu. Imenichukua siku kumi. Kuandika hii siku tatu. Najua Matawi ni Jumapili. Hadley anaondoka leo, nimempa farasi wa marehemu mume wangu.

Nilipofika kwenye swali lako nilitaka kuandika tia sahihi urudi. Nilikwisha andika. Nimechana.

Mfalme hakumchoka Hethersett kwa ajili ya godoro. Alimchoka siku ile ya kodi. Alimbebesha aibu yake na kila akimwona aliiona. Alikuwa anatafuta mlango tu, na sisi tukampa ufunguo, wewe kwa huruma na mimi kwa ujinga.

Kwa hiyo sema kweli. Hakuwa na fahamu. Ulimlaza wewe. Mama alimlisha na wewe ukamfunika. Usiende kumuua kwa mkono uleule.

Nakupenda kuliko nyumba hii na vitambaa vyote. Wakikuchukua nitakuja London kwa mguu huu mbovu. Nitakuwa hapo unione.

Dada yako
Thomasine


*London, Jumanne baada ya Pasaka*

Dada yangu Thomasine,

Herufi zako ni nzuri. Hiyo "G" yako ina tumbo kama la kinyozi. Niliibusu.

Hadley alifika Jumatano ya wiki takatifu, adhuhuri. Mito ilikuwa imefurika, farasi wa shemeji alichechemea kuanzia Colchester. Si kosa lake, wala lako. Laiti ungempa jirani akusomee, ingenifikia kwa wakati. Lakini nisingekuwa na barua hii, na hii ndiyo barua pekee ya kweli niliyopata mwaka mzima.

Nilitia sahihi Jumapili, baada ya misa, tawi bado liko mkononi. Niliogopa. Nimetafuta neno lingine, halipo. Walinionyesha chumba cha chini, wakanionyesha kamba, na mimi nikaona sokoni petu na wewe unapima kitambaa. Nikaandika jina langu lote, Gervase Pask, vizuri, kama mtu anayejisifia mwandiko.

Walipeleka nakala kaskazini wamsomee Bwana. Askari mmoja wa pale ni mtu wa Suffolk, amerudi jana na amenisimulia. Bwana alikuwa mgonjwa tayari, yuko kitini. Alisikiliza yote. Kisha akaomba asomewe tena, ile sehemu ya kitanda tu. Akasomewa.

Akasema, "Kumbe haikuwa ndoto. Nilidhani ni mama yao ndiye aliyenifunika."

Baadaye akauliza, "Na Gervase, wamemfanya nini?" Wakamwambia wamemwachia. Akasema, "Afadhali."

Walianza safari ya kumleta London ahukumiwe. Alifia njiani, siku ya tatu, kwenye nyumba ya wageni, hata jina la kijiji askari hakulijua.

Nimekwenda kwa watawa kuuliza kaburi la Ifan. Wamenionyesha, halina alama. Nimemwambia ni Osbert. Nilimwambia kwa sauti, watu wakanitazama.

Barua ya msamaha ninayo mfukoni. Ina muhuri, na muhuri ni uleule aliokuwa akiushika yeye, sasa anaushika Bwana Stourmere. Nyumba ya hapa ni ya Mfalme sasa. Jambo la kwanza aliloamuru ni kwamba godoro lichomwe. Nilitazama likiwaka. Ndilo lililopaswa kuchomwa Novemba, na mimi ndiye niliyepaswa kulichoma.

Naondoka kesho na Hadley. Ukija kunipokea njiani, njoo peke yako, na usiniulize kitu mpaka tufike. Usinitandikie kitanda. Nitalala jikoni kwenye majani, na moto niuwashe mimi.

Mdogo wako,
Gervase